Babu Aliyekwenda Kuoga

Paukwa!

Pakawa!

Wenye uti wa mgongo mpo?

Tupo!

Basi kaeni vizuri, mwegemeze migongo hiyo, maana leo nina ugomvi nayo. Hadithi hii nikiisimulia hunipanda hasira, na hasira yenyewe haijapungua tangu nilipoisikia kwa mara ya kwanza. Atakayesinzia namwamsha.

Hapo zamani za kale, wakati milima ilikuwa bado haijakubaliana nani akae wapi, palikuwa na bwawa liitwalo Kimabwe. Upande mmoja lilikuwa na matete. Upande wa pili lilikuwa na ukingo wa mawe, tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa sahanini. Ndani ya bwawa hilo aliishi Kamongo.

Kamongo ni samaki, mnamjua. Mrefu, mzito, rangi ya tope, mapezi membamba kama kamba. Sura yake si ya kupendeza, na mwenyewe alilijua hilo. Lakini alikuwa baba. Mkewe, kama ilivyo desturi ya kina Kamongo, alitaga mayai akaenda zake, na Kamongo akabaki kulea. Msicheke. Nitajieni baba mmoja hapa kwetu ambaye angekaa na watoto msimu mzima bila kwenda hata kuonja togwa kwa jirani.

Kamongo alichimba shimo katikati ya matete, akawatia watoto wake humo, akawa anawapepea maji kwa mkia. Walikuwa wadogo kama punje za mpunga, na matamvua yao, yale wanayovutia pumzi majini, yalikuwa bado yananing'inia nje, laini mno. Humo shimoni wakaja kujificha na viluwiluwi wa Chura, kwa sababu Chura na mkewe walitaga kisha wakaondoka bila kutazama nyuma. Kamongo hakuwafukuza. Aliwapepea wote.

Mwaka huo jua likawaka. Likawaka, likawaka, likawaka. Bwawa likarudi nyuma, likaacha tope, na tope likapasuka. Kamongo mwenyewe hakuwa na shida. Yeye maji yakiisha hujichimbia topeni, akajifunika, akalala mpaka mvua. Watoto hawakuweza hayo. Matamvua yao yakikauka, wamekufa. Kwa hiyo kila asubuhi Kamongo alipima kwa mwili wake maji yaliyobaki, na kila asubuhi aliomba yafike mpaka mvua.

Yangefika. Hilo ndilo linaloniuma. Yangefika, kama wasingekuja wanyama.

Walikuja kundi zima, nyumbu na ngiri na pundamilia. Mbele yao alikuwa Mzee Pofu, yule swala mkubwa kupita swala wote, mwenye ngozi inayoning'inia kidarini, anayetembea kana kwamba nyasi zote alizipanda yeye. Pamoja nao alikuja Nyamizi, mwanamke mfinyanzi, na jembe lake la kuchimbia udongo na mtungi wake kichwani. Na juu ya mgongo wa Pofu, amejikalia, alikuwa Chura, mkia hana, miguu minne anayo, na kazi ameshapewa. Alikuwa msemaji wa baraza.

Nanyi msije mkasema walikuwa na kiu na pengine hapakuwa na maji. Mto ulikuwepo. Nasema tena, mto ulikuwepo, unatiririka, ukitoka hapa asubuhi unaufikia jua la utosi. Ila njia ina vumbi, na Mzee Pofu hapendi vumbi.

Sasa siku hizo wanyama na watu walikuwa ukoo mmoja, na waliuita Ukoo wa Mgongo. Salamu yao ilikuwa hivi. Huyu anamgusa mwenzake mkono wa juu, pale palipo na mfupa mmoja, anasema, "Mmoja." Yule anamgusa kigasha, pale palipo na mifupa miwili, anajibu, "Miwili." Kisha wanashikana viganja, wanasema kwa pamoja, "Mingi." Jaribuni. Kila mtu amshike jirani yake. Mmoja, miwili, mingi. Mmeona? Hata popo bawani mwake anayo, hata ngiri mguuni. Ndiyo alama ya ukoo, na asiyeweza kuitoa salamu hiyo hakuhesabiwa kuwa ndugu.

Tena walikuwa na desturi ya kutaja mababu kabla ya kunywa. Pofu mwana wa fulani, fulani mwana wa fulani, kurudi nyuma, kurudi nyuma, mpaka kwa yule babu wa kwanza aliyeonekana akitoka majini. Hapo sauti zilishuka. Kutoka majini ilikuwa aibu kidogo, si unajua tena. Ndipo Chura alipokuwa akisimama na kusema kwa sauti ya kusafisha jina:

"Babu yetu alikwenda kuoga tu."

Na wote wakaitika, "Alikwenda kuoga tu."

Yaani alikuwa mtu wa nchi kavu tangu mwanzo, miguu yake kamili, akaingia majini kuoga, akatoka akaenda zake. Hayo ndiyo waliyowafundisha watoto wao. Huo uongo mtupu, jamani, nao wakauitikia kama amina.

Basi baraza likakaa pale ukingoni. Mzee Pofu akasema, "Maji ni machache. Kuanzia leo, Kimabwe ni ya Ukoo wa Mgongo. Asiye wa ukoo atoke."

Kamongo akainua kichwa kutoka majini. "Shikamoo, Mzee Pofu."

Pofu hakuitikia. Sijui mnaliona jambo hilo. Shikamoo ya mtu mzima, nyumbani kwake mwenyewe, haikuitikiwa.

"Nitoke niende wapi, Mzee?" Kamongo akauliza. "Nina watoto wachanga shimoni. Mkiyanywa haya maji, watakufa. Mto upo. Ninyi mna miguu."

Chura akajibu kwa niaba ya Pofu. "Wewe si una kawaida ya kulala topeni? Lala. Hutadhurika."

"Na wanangu?"

"Watoto huzaliwa wengine."

Kamongo akamtazama. "Wako pia wamo humu, Chura. Ninawapepea pamoja na wangu."

Wanyama wakageuka kumwangalia Chura. Naye, bila hata kupepesa jicho, akasema, "Mimi sina mtoto mwenye mkia."

Aliyasema hayo mbele ya maji yaliyomzaa. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na mimi naongeza kwamba mtumwa wa aina hiyo hununuliwa kwa kiti tu.

Kamongo alitetemeka kwa hasira mpaka tope likachafuka kumzunguka. Lakini alikuwa na watoto, na mwenye watoto humeza mengi. Akasema, "Sikilizeni. Mimi ni ndugu yenu. Nitazameni ninavyovuta pumzi." Akapanda juu, akafungua kinywa, akavuta hewa, ikaingia kifuani, akashuka. "Nina mapafu kama ninyi. Samaki gani mwingine mnamjua anayevuta hewa ya juu?"

Chura akasema, "Hata mivukuto ya mhunzi huvuta hewa, na mhunzi haiiti ndugu. Babu yetu alikwenda kuoga tu."

"Alikwenda kuoga tu," wakaitika.

Wakanywa siku hiyo. Maji yakashuka.

Kesho yake Kamongo akainua kichwa tena. "Mnajiita Ukoo wa Mgongo. Basi nami ninao. Mama Nyamizi, nipapase hapa, useme kweli."

Nyamizi akainama, akampapasa. "Uti upo," akasema. "Unapita kutoka kichwani mpaka mkiani."

"Hata jani la mgomba lina uti," akasema Chura, "nasi hulifungia chakula. Babu yetu alikwenda kuoga tu."

"Alikwenda kuoga tu," wakaitika, na safari hii baadhi yao walicheka.

Wakanywa. Maji yakashuka tena. Shimoni watoto wakaanza kusongamana, matamvua yao yanagusana, na viluwiluwi wakawa wanauliza, "Baba, mbona kunabana?" Walimwita baba, hawakumjua mwingine. Kamongo akazidi kupepea.

Siku ya tatu mgongo wa Kamongo ulikuwa tayari nje ya maji, unapigwa na jua. Mzee Pofu akachoka na kelele. Akanyoosha mguu wa mbele. "Haya. Kama wewe ni ndugu, niamkie salamu ya ukoo. Mmoja, miwili, mingi. Ukiweza, maji ni yako. Ukishindwa, usiniudhi tena."

Kamongo akainua pezi lake. Lile pezi mmeshaliona, kamba tupu, kifupa baada ya kifupa mpaka nchani. Halikuwa na mmoja na miwili na mingi. Kundi zima likaangua kicheko. Ngiri alicheka mpaka akakaa chini. Chura akasema, "Mkono wenyewe mkia wa panya."

Kamongo akangoja wamalize. Kisha akasema polepole, "Mimi huo mkono sina. Wala sijasema ninao. Lakini anao babu yenu, na babu yenu hakwenda kuoga. Yumo humu nyumbani. Yumo ukingoni, ndani ya jiwe. Kila kiangazi nikichimba kulala, namgusa kwa ubavu. Baba yangu alinionyesha, naye alionyeshwa na baba yake. Chini kabisa ya ukingo yuko mdogo kama jani la mpunga, hana mfupa hata mmoja, ila uzi umepita mgongoni. Juu yake yuko mwenye ngao kichwani, hana taya, alikuwa akifyonza tope."

"Babu yangu hana taya?" Pofu akafoka.

"Hana. Juu yake yuko aliyepata taya, na meno. Mshukuru huyo, Mzee, ndiye aliyekupa kutafuna. Na juu yake yuko ninayewaambia. Njooni mumwone."

"Jiwe ni jiwe," akasema Chura upesi. "Twendeni zetu tukanywe."

Lakini Nyamizi alikuwa amekwisha kushika jembe. Mfinyanzi hawezi kuambiwa kuna kitu udongoni akaacha kuchimba. Akauendea ukingo pale Kamongo alipoonyesha, akafukua, akafukua, akafukua, akafikia bamba la jiwe. Akachomeka ncha ya jembe kwenye mshono wake. Jiwe likafunguka vipande viwili, kama unavyofungua kunde.

Alikuwemo samaki.

Hakuna aliyeweza kusema si samaki. Magamba yalikuwa yamepangana mwili mzima, moja juu ya jingine. Mkia wa samaki ulikuwepo. Vifuniko vya matamvua vilikuwepo shavuni. Nyumbu wakasogea, pundamilia wakasogea, Mzee Pofu mwenyewe akasogea kwa hatua za mtu anayeitwa na mkopeshaji.

Nyamizi akapuliza vumbi kwenye pezi la mbele. Kisha akalaza mkono wake mwenyewe juu ya jiwe, bega kwa bega, akawa anafuata kwa kidole cha mkono wa pili.

"Mmoja," akasema.

Hakuna aliyeitika.

"Miwili."

Hakuna aliyeitika.

"Mingi," akasema, akaondoa mkono juu ya jiwe kama aliyejikuta amemshika mzee kichwani bila heshima.

Mngedhani hapo wangemwomba Kamongo radhi. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani hivyo, nikamkatiza bibi yangu, nikasema, "Wakamwachia maji." Bibi akaniambia, "Huwajui wenye migongo."

Chura aliruka juu ya jiwe akasema, "Ni kweli, huyu ni babu. Alikwenda kuoga, akakawia majini, magamba yakamwota."

Na wakaitika. Wallahi wakaitika, macho yao yakiwa juu ya samaki! "Akakawia majini, magamba yakamwota."

Mzee Pofu akavuta pumzi ya kushiba. "Babu yetu abebwe kilimani," akasema, "ajengewe, apewe heshima yake. Na sisi, baada ya kazi hiyo, tutakunywa. Kamongo tunamshukuru kwa kumtunza. Sasa atoke."

Basi wakamchukua babu, mjukuu wakamtupa. Jiwe walilibembeleza, aliye hai wakamwambia atoke. Ukinitafutia dhuluma iliyo kubwa kuliko hiyo, nitakupa nafasi yangu hapa kando ya moto usimulie wewe.

Kamongo akatoka majini. Ndiyo, akatoka mwili mzima, akaburuta tumbo juu ya tope lililopasuka mpaka akafika mbele ya kwato za Pofu. Hakuwa na adabu tena sautini.

"Nimewasikiliza siku zote hizi, sasa mtanisikiliza. Huyo jiweni hakukawia popote. Hapa ni kwao. Alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja. Mmoja alitoka, akawazaa ninyi. Mmoja alibaki kulinda nyumba, akanizaa mimi. Nyumba imelindwa mpaka leo, ninyi mmerudi kuinywa. Haya, tuseme si babu yenu. Kama si babu yenu, hamna babu mwingine wa kumtaja, na asiyetaja babu hanywi. Ni sheria yenu. Ondokeni."

"Ni babu yetu," akasema Pofu. "Tumekwisha kusema."

"Ni babu yenu?"

"Ni babu yetu."

"Mbele ya wote hawa?"

"Ni babu yetu," Pofu akasema kwa mara ya tatu, akiwa amekasirika.

"Basi nikuulize, Mzee. Mama yako alipofariki, lile dimbwi alilokuwa akinywa mlilifanyaje?"

Nyumbu mmoja mzee akajibu kwa niaba yake. "Hatukulinywa. Maji ya marehemu hayaguswi mpaka mvua imwoshe."

"Na huyu marehemu alikuwa akinywa wapi?"

Maji yalikuwa pale mbele yao, yamebaki kidogo, yanang'aa.

"Amekufa zamani," Chura akasema. "Matanga yamekwisha."

"Yamekwisha lini?" akauliza Kamongo. "Nani alimlilia? Nani alinyoa kichwa? Ninyi mlikuwa mkisema amekwenda kuoga. Mtu aliyekwenda kuoga hawekewi matanga. Msiba wenu umeanza leo, hapa, jembe lilipofungua jiwe. Mko matangani, na mmesimama na midomo yenye maji ya marehemu."

Nyamizi ndiye aliyetangulia. Alishusha mtungi wake kichwani, akapiga magoti, akayamimina maji yote bwawani, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akajifunga kanga kiunoni kama wafiwa, akamwambia Kamongo, "Pole na msiba, baba." Akashika njia ya mtoni.

Wakafuata nyumbu. Wakafuata pundamilia. Ngiri akapita kichwa chini. Mzee Pofu alibaki wa mwisho, anatazama maji, anatazama jiwe, na vumbi la njia linamngoja. Pofu akageuka, akaenda, na ile ngozi ya kidarini ikawa inayumba. Hakuaga. Nataka mjue kwamba hakuaga.

Maji yaliyobaki yakafika mpaka mvua. Kwa taabu, lakini yakafika.

Akabaki Chura. Ngozi yake haiwezi safari ya vumbi, na mgongo wa kupanda ulikuwa umeondoka. Alikaa juu ya jiwe mpaka jua likamkausha, akashuka, akasogea majini kwa aibu. Viluwiluwi wakaja juu kumtazama. Walikuwa wameanza kuota miguu ya nyuma, na mikia yao bado ipo.

"Baba," wakamwuliza Kamongo, "huyu ni nani?"

Kamongo alikuwa anapepea maji kwa mkia. Hakuacha kupepea, wala hakugeuka. "Mwulizeni mwenyewe," akasema. "Anajua kutaja nasaba za watu."

"Wewe ni nani?" wakauliza viluwiluwi. "Ni mwana wa nani?"

Chura akafungua kinywa. Yeye aliyewasemea nyumbu na pundamilia, aliyekuwa na jibu kwa kila neno, alivimba koo, likavimba, likavimba, na sauti haikutoka. Viluwiluwi wakangoja kidogo. Walipoona hasemi, wakarudi shimoni kwa baba yao.

Na ndiyo maana mvua ya kwanza ikinyesha mnamsikia Chura akipiga kelele madimbwini bila kupumzika. Watu husema anafurahia mvua. Si furaha. Anataja babu zake, mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika nchi nzima, yule mwenye mkono na yule mwenye taya na yule asiye na taya na yule mdogo mwenye uzi mgongoni. Na kila akimaliza anaanza upya, kwa sababu wanawe walikwisha kumpata baba mwingine.

Hadithi yangu imeishia hapo ukingoni mwa Kimabwe. Aliyeipenda aibebe, aliyechukia ajipapase mgongo.